Mwenge wa Korongoni

Mbegu zenyewe nyeusi, nyepesi, za pembe tatu;
upepo ukikohoa tu, zimekwenda.
Enesi Swalo alizikung'utia kwenye bahasha ya bili ya maji
pembezoni mwa barabara ya Matamba,
mwezi wa tano, mvua zikiaga.
Ua hili sisi watoto tuliliita mwenge:
chini njano, juu jekundu,
kiberiti kilichokataa kuzimika.
"Hilo gugu," akasema Obadia Tweve. "Sisi tunang'oa, wewe unapanda?"
Hakujibu. Alikuwa anahesabu.

Juu ya nyumba yake shamba limepasuka.
Marehemu Yoramu alichora matuta ya viazi
yakishuka wima, kama nywele zilizochanwa,
na maji, yasiyohitaji kuonyeshwa njia mara mbili,
yakaifuata.
Mwaka wa kwanza, ufa. Wa tatu, ndama akatumbukia.
Usipoziba ufa utajenga ukuta;
naye aliujenga: viroba thelathini vya mchanga.
Masika moja tu, vikalala darajani.

Basi Enesi akapasua dumu la mafuta ya kupikia,
akalijaza mchanga na udongo wa msituni,
akamwagilia kwa kikombe, si kwa ndoo.
Wiki ya tano, nyuzi za kijani, kama vitunguu vichanga.
Nusu zilikufa. Kuku walikula nyingine.
Arobaini na moja alizibeba kwa beseni
akazichomeka ukingoni mwa korongo,
mshazari, kuukata mteremko.

Juni, sakitu ikababua majani yote.
Agosti ukapita moto wa wasaka panya.
Obadia akaja kutoa pole, akamkuta amepiga magoti
anafukua majivu kwa kidole:
chini, shina nene, jeupe, bichi.
"Lenyewe haliishi juu," akasema.
"Juu linakuja kutembea."

Mwaka wa pili hakuna ua.
Majani tu, na nyuma ya kila kichaka
udongo ulionaswa, ujazo wa kiganja.

Wa tatu, Februari, mwenge mmoja.

Msibani kwa Yoramu watu walinong'ona:
mjane gani huyu, hana hata chozi.
Asubuhi hiyo chozi alikuja,
kijani cha kung'aa, mkia mrefu,
akaning'inia kichwa chini, akanywa,
akaruka na chavua usoni.
Enesi akasimama na jembe lake mpaka amepotea,
kisha akaingia ndani
kutafuta bahasha.