Kuzoesha Kiu

Wiki ya tatu ya Septemba naipunguzia miche maji.
Kopo moja asubuhi, kisha nusu,
kisha siku nzima hakuna.
Lusangija, kibarua mpya, ananitazama
kama nimekula nauli ya yatima.
"Mama Wande, inalegea."
Iache ilegee.

Chini, gizani mwa kiriba, ncha ya mzizi
imeshaonja ukavu kabla jani halijajua.
Inatuma neno juu kwa maji yaleyale machache:
funga.
Na jani linafunga vinywa vyake visivyoonekana,
kimoja kimoja,
kama maduka ya Sikonge siku ya msiba.
Njaa inaingia, maana kinywa kinachotoa jasho
ndicho hichohicho kinachokula hewa.

Seli nimeziona mara moja tu,
kwa darubini ya Bwana Mhoja kule Tumbi:
vyumba na vyumba, kama sega.
Humo sasa hakuna kurefuka, hakuna jani jipya.
Protini iliyojikunja vibaya kwa joto
inashikwa mkono na nyingine, inakunjuliwa,
inakunjwa upya kama khanga iliyonyeshewa kambani.
Sukari hailiwi. Inawekwa ishikilie kuta.

Nje ya uzio miombo imechipua kabla ya mvua,
hata wingu hakuna,
majani mekundu kama ufizi wa kichanga.
Wekundu huo ni mwavuli, alisema Mhoja,
jua lisiunguze kilicho laini.

"Kumbe shida inakomaza!"
Lusangija, meno yote nje,
kama aliyepata jibu la mtihani.
Shemeji yangu alinena hivyohivyo
mwaka ule tumbaku yetu ilipokataliwa sokoni
na mume wangu akaacha kula, akaacha kusema,
akafunga vinywa vyote,
kimoja kimoja.

Twende tuta la nne, namwambia.
Mstari wa pembeni, miche arobaini. Hesabu.

Thelathini na mitatu imesimama,
shina gumu, mzizi umetoboa kiriba ukitafuta.
Saba imekauka.
Nayo ilifunga. Nayo iliweka akiba.
Haikukosea hatua hata moja.

Anahesabu tena, kwa kidole,
polepole, akigusa kila kiriba.
Mimi nimeshashika kopo.