Masizi ya Ulaanbaatar

Kwanza Tsendsuren anavua sweta la sufu:
kwa baridi kavu hii, sufu huzaa cheche.
Anachomoa waya ukutani,
anabonyeza swichi, umeme uliosalia ujifie.
Kiganja juu ya chuma tupu. Anasubiri.

Skrubu nne, na ubavu wa kompyuta waachia.
Masizi ya makaa, vipupwe vitatu,
na manyoya ya mbwa aliyekufa Machi.

Hapulizi kwa mdomo; mate ni adui.
Brashi laini, taratibu,
kidole kimezuia pangaboi lisizunguke,
kama ushikavyo kidevu cha mtoto
ukimfuta kamasi.

Unyoya mmoja, mwekundu,
autia kwenye bahasha ya risiti
pamoja na skrubu iliyokosa tundu.

Mashine yawaka. Haikoromi.
Sasa humu ndani
hakuna akoromaye.