Nimecheza, Nasema

Sijalipwa na mtu kusema haya.
Natoka zamu alfajiri, ghala la Brackmills
limenibakishia magoti na njaa;
navua viatu mlangoni, nawasha mtambo
kabla sijawasha jiko.

Nianze na ile ya mkulima, inayosifiwa na kila mtu.
Inapendeza? Sana. Kweli? Uongo mtupu.
Mahindi yanaiva siku ya tatu,
hakuna kima, hakuna viwavi,
mvua inanyesha kwa adabu, kama mgeni aliyebisha hodi,
na ng'ombe akifurahi anatoa moyo mwekundu kichwani.
Mimi nimelima Kangagani. Ng'ombe wetu alitoa teke.
Hata hivyo, jana nimemwagilia vitunguu hadi saa nne,
kimoja kimoja,
kwa kuwa hakuna mashine mkononi
inayonihesabia sekunde.

Ya mpira ni wizi.
Kila mwaka bei inapanda, wanabadilisha jezi
na jasho la usoni, basi.
Timu yangu haimo. Nimeiunda mwenyewe,
nikawapa wachezaji majina ya darasa la saba B,
na kipa nikamwita Mbwana Kombo
maana Mbwana alikuwa hashiki kitu.
Bado hashiki.
Hapo tu gemu imesema kweli.

Ya maiti wanaotembea sinunui.
Dirisha langu linatazama kilabu;
Jumamosi naiona bure.

Ya vita, sitaki kuisema sana.
Michoro yake, haki ya Mungu, vumbi unalihisi kooni.
Nilimpa pedi Byamungu wa chumba cha juu, mtu wa Uvira,
tucheze wawili.
Akaitazama ile mitaa, mabati, vichochoro,
nguo zilizoanikwa kwenye kamba.
Akaniuliza, "Wenye nguo wako wapi?"
Nikawatafuta. Nikaingia nyumba zote.
Waliotengeneza wameweka risasi makabatini,
wameweka bandeji, wameweka hata sufuria jikoni;
mwenye nguo hawakumweka.
Byamungu akairudisha pedi kwa mikono miwili,
kama mtu anayerudisha sahani ya jirani.
Gemu ninayo bado. Siifuti, siichezi.

Sasa hii.
Hii hakuna anayeisifu. Hata mama wa duka la hisani
pale Wellingborough Road, aliyeniuzia kwa pauni mbili,
alisema mwanawe ilimchosha.
Unaendesha lori. Ndiyo hivyo tu.
Unapakia marumaru Italia, unashusha Uswidi,
wipa zinafuta mvua, redio inakoroma.
Mimi faili langu liko mezani kwa watu, mwaka wa sita.
Kazi nafanya, kodi nalipa, kuvuka siruhusiwi.
Lakini nafika Dover usiku wa manane
na kizuizi kinainuka chenyewe.
Hakuna kibanda, hakuna kioo chenye uso nyuma yake,
hakuna anayelowesha kidole afunue kurasa.
Nimevuka mara mia na arobaini na mbili.
Najua, kwa sababu inahesabu,
na hesabu hii siichukii.

Kasoro zipo. Vioo vya pembeni vinachelewa.
Breki ni laini mno, kama andazi lililolala.
Na ramani inaishia kusini mwa Uhispania:
barabara imekatwa tu, kama kanzu isiyopindwa,
na mbele yake upo ukuta usioonekana.
Nimeugonga kwa bampa, polepole,
jana, juzi, na siku ya Idi baada ya kupiga simu nyumbani.

Mpwa wangu Thureya, miaka tisa, mdomo kama wembe,
alinichungulia begani akiwa na mkate mkononi.
"Mjomba, hapo mbele hakuna kitu.
Hawajapatengeneza."

Pana watu, nikamwambia.
Ni wao hawajafika.

Naipa tisa juu ya kumi.