Kitufe Hakipo

Saa nane mchana, Kiloleni, Tabora.
Umeme umekata, feni imesimama ikinitazama,
na kompyuta, kwa betri iliyobaki robo,
inaniambia mara ya kumi na nne
kwa herufi nyekundu, bila haya:
Kitufe hakipo.

Kipo!
Ninakiona. Cha kijani, kimeandikwa TUMA ODA.
Nimekibonya kwa kidole changu mwenyewe
na madumu sita ya asali yamekwenda
kwa Bibi Jaribio wa Mtaa wa Jaribio,
mteja wa kubuni, ambaye tangu Januari
ameagiza asali ya kutosha kuogea
na hajalipa hata senti.

Lakini hati yangu ya Rubi,
inayofungua kivinjari peke yake
na kujaza jina, simu, idadi ya madumu
kama mzimu wenye adabu,
hiyo haikioni.

Nikampigia Msabila, aliyeko Dar.
"Kwangu inapita," akasema.
Kwangu inapita!
Kama kumwambia mwenye homa:
mbona mimi nasikia baridi tu ya kiyoyozi.

Basi nikaanza kutafuta mchawi.
Nikakituhumu kivinjari: kimejisasisha usiku bila kuaga.
Nikamtuhumu dereva wake, amebaki na toleo la mwaka jana;
nikawapatanisha.
Nikakagua milango, maana katika Rubi
kila unachofungua hufungwa kwa neno mwisho,
na kweli, mmoja ulikuwa wazi, mstari wa sitini na mbili.
Nikaufunga.
Nyekundu.

Kalunde akapita na karatasi za nembo za kubandika kwenye chupa,
gundi imemkaukia vidoleni.
"Inafia wapi?"
Palepale.
"Umeiona ikifa, au unaletewa taarifa ya msiba tu?"

Sikumjibu. Nikaiagiza hati:
ukishindwa, piga picha kabla hujaanguka.

Picha ikaja.
Ukurasa mweupe kama unga.
Katikati kiduara kinachozunguka.
Hakuna kijani, hakuna TUMA ODA,
hata yule nyuki wa nembo hajafika.

Kitufe hakipo.
Ilisema kweli, maskini, mara kumi na nne,
nami mara kumi na nne nikaiita mwongo.

Kwa Msabila mtandao ni bomba. Kwangu ni ndoo,
na ndoo yenyewe ni simu niliyoegesha dirishani.
Ndipo nikaukuta mstari wa aibu,
mwandiko wangu wa mwezi wa tatu:
lala sekunde mbili.

Lakini kulala si kusubiri.
Aliyelala huamka saa yake ikitimia,
mgeni awe amefika au hajafika.
Anayesubiri hana saa, ana jambo.
Nenda pale stesheni: hakuna mtu
anayekaa dakika arobaini kamili
kisha akapanda behewa ambalo halijaja.

Nikafuta lala. Nikaandika:
subiri mpaka kitufe kionekane,
na zikipita sekunde thelathini, lalamika.

Kijani.
Kijani.
Kijani.
Nyekundu.

Kitufe kipo, ikasema safari hii,
ila kuna kitu kimekifunika.
Nikatazama picha: tangazo, limekaa juu yake kama kuku anayeatamia.
KARIBU MSIMU WA ASALI.
Nililiweka mwenyewe Jumatatu
nikaita ofisi nzima waje walione.

Kalunde alicheka mpaka karatasi zikamwanguka.
Nikaifundisha hati kufunga tangazo kwanza.
Bibi Jaribio akapata madumu yake. Kwa mkopo, kama kawaida.

Limebaki moja, jaribio la risiti.
Huanguka Alhamisi tu. Sijui kwa nini.
Nimeandika pembeni yake: si bure,
nikaliacha na wekundu wake.

Umeme umerudi.
Feni inazunguka taratibu kama kile kiduara,
nami nimekaa chini yake,
mikono mapajani,
sijabonya kitu.