Guni

Longton, Jumanne, mvua ya tangu juzi.
Tumepiga magoti katika kanisa lililouzwa,
mimi na mzee Colclough, wala hatusali:
sakafu imebonyea pale radieta ilipovuja
miaka kumi, na kila mtu akadhani mwenzake atasema.

Ananifundisha kukisoma kigae kwa kukigeuza.
Huu mraba, wenye ua katikati:
robo mzunguko, ua ni lile lile.
Robo tena. Lile lile.
Una njia nne za kuupatia, anasema,
hata siku uliyoamka vibaya.
Wa pembe sita ndio mpole zaidi.
Mstatili una maringo, hukubali mara mbili tu,
kama mfalme wa karata: vichwa viwili, miguu hana.

Na duara?
Akachomoa biskuti kwenye paketi, akaizungusha vidoleni.
Duara halina habari kama umeligusa.
Kisha akaimega kwa meno, akaizungusha tena,
na pengo likazunguka nayo
mpaka likarudi mdomoni kwake.

Ijumaa mama hupiga simu kutoka Pangani.
Swali lake ni moja: uko vile vile?
Nami humjibu kimraba: vile vile.

Chini ya nguzo pamebaki pengo,
na ndooni kipande kimoja cha pembe tatu,
pande zake zimegombana urefu.
Nakiweka, kinayumba. Nakigeuza, pembe inachomoza.
Nakigeuza. Nakigeuza.
Kwetu, namwambia, shairi likikosa vina na mizani
huitwa guni.
Guni, anarudia taratibu,
kama atafutaye mwiba wa samaki kwa ulimi.

Mzunguko mzima, nyuzi mia tatu na sitini,
niko nilipoanzia.
Ndipo naona: mahali palikuwa hapa hapa,
ila chini pana punje ya saruji ya zamani.
Naikwangua kwa ncha ya mwiko.

Kabla sijakilaza, nakipindua.
Mgongoni, ndani ya udongo uliochomwa,
kuna alama ya dole gumba
la mtu aliyekikata kwa ajili ya pengo hili,
si jingine.
Naweka gumba langu juu yake. Ni dogo kuliko lile.

Kinaingia bila sauti.
Mvua haijakoma.
Mzee anauliza kama biskuti zimebaki.