Nipo

Saa tisa na robo usiku, Barabara ya Enterprise.
Baridi ya Julai imelala juu ya mabati ya kiwanda,
na simu ya Muriithi inanishtua kitini, kutoka Njabini:
"Kwamboka, mizani imegoma. Inasema seva imejaa.
Imejaa nini, na ng'ombe hata hawajakamuliwa?"

Imejaa kweli. Asilimia mia, hata nukta haipiti.
Saa kumi na moja watapanga foleni na mitungi,
na kama hapana pa kuwaandika
maziwa yao yatakuwa maneno tu.

Napekua. Siyo risiti, siyo picha za fahali wa maonyesho,
siyo nakala za nakala
ambazo mhasibu huzitunza kama kanga za arusi.
Ni faili moja, nyembamba kwa mstari, nene kwa miaka.
Alando aliiwekea kijiprogramu kabla hajaugua:
kila sekunde seva iulizwe, ijibu neno moja.

nipo
nipo
nipo

Tangu masika ya mwaka juzi. Haba na haba.
Nani alijua kibaba hujazwa na kuwapo tu?

Yeye hayupo. Tulimzika Ugunja.
Kiti chake alipewa kijana wa mauzo, akalalamika kinayumba.

Naweza kufuta: herufi mbili na jina la faili,
pabaki kana kwamba hapakukaa mtu.

Napanua.
Diski pepe haidai seremala. Unataja tarakimu
na gigabaiti mia mbili zinaota pasipo ukuta.
Lakini hapa ndipo wengi hukosea:
nyumba imeongezwa vyumba, mwenyewe hajaambiwa,
bado amejikunja pembeni, magoti kidevuni.
Sharti usogeze mpaka wa kizigeu, polepole,
kama mtu anayehamisha ua jirani akimtazama,
kisha uuamshe mfumo wa faili, uuambie: nyoosha miguu.

Alando ndiye aliyenifundisha.
Kupanua hata mlevi anaweza, alisema.
Kupunguza, Kwamboka, kupunguza ndiko kunakoua.
Chukua nakala kwanza. Halafu chukua nyingine.
Nilidhani anasema diski.
Mwezi ule suruali zake zilikuwa zimeanza kumpwaya.

Feni zinavuma. Asilimia sitini na moja.
Muriithi anapiga: "Imekubali! Umefuta takataka?"
Nimeongeza nafasi, nasema.

Najua, itajaa tena, miezi minane, pengine kumi.
Fundi mwenye akili angeikata faili ile kila Jumapili.
Nitaikata. Siyo leo.

Kule Njabini mtungi wa kwanza umepanda mizani;
hapa umeshuka kama mstari:
Wangechi, lita kumi na mbili na nusu.
Kwenye dirisha la pembeni, mstari mwingine, sekunde ileile.
Naikumbuka chai yangu. Imepoa, imefanya utando.
Naunywa pamoja nao.