Kioo cha Stoo, Kidia

Bibi Ndeshukurwa alisimama pumzi ishirini
mbele ya sanduku la miguu mitatu.
"Usipepese," ilisema sauti chini ya kitambaa cheusi.
Kaka yake Kiwaria akacheka, mara moja tu,
ndiyo maana hana uso:
ana ukungu, kama Kibo saa nne asubuhi.

Picha ikaenda Ulaya kuliombea kanisa mabati.
Huku kikabaki kioo,
na kwa fundi Elinami kioo ni kioo:
akakikata, akakipachika dirishani mwa stoo ya kahawa,
juu chini.

Nilimkuta humo nikiwa na miaka saba.
Nywele nyeupe, meno meusi,
ameanguka kichwangomba juu ya magunia
kila jua lilipotokea upande wa Himo.
Nikamwita mzungu. Mama akanizaba kofi.

Sasa namtafuta kwa kukodoa.
Jua lililomchora kwa pumzi ishirini
linamfuta mwaka wa tisini huu,
bila haraka, kama mtu na deni lake mwenyewe.

Binti yangu anasema tuweke pazia.
Kweli, gizani angedumu.
Lakini kahawa huchambuliwa kwa mwanga.